Msingi upandishwe kozi ngapi, na kwa nini kozi peke yake hazizuii unyevu

SWALI: Najenga nyumba ya vyumba vitatu, mita 12 kwa 10, Kigamboni. Kiwanja kina mteremko kidogo. Nyuma ni chini kuliko mbele kwa kama sentimita 30, na wakati wa masika maji husimama huko nyuma hadi juu ya kifundo cha mguu. Barabara ya mtaa iko juu ya kiwanja kwa sentimita 15 hivi. Fundi wa kwanza kaniambia kozi nne zinatosha. Wa pili anasema chini ya saba nitajuta. Nyumba za jirani, hata zile zenye msingi mrefu, rangi inabanduka hadi usawa wa goti na sakafu zimepasuka. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, kabla hujamchagua mmoja kati ya hao wawili, waulize kwanza kozi, yaani mistari ya tofali, wanazihesabu kuanzia wapi. Wapo mafundi wanaohesabu kuanzia juu ya zege la msingi, kule chini mtaroni, na wapo wanaohesabu zile zinazoonekana juu ya ardhi tu. Mtaro wa sentimita 90 ukimwagwa zege la sentimita 20, unabaki na sentimita 70 za kujaza tofali kabla hujafika usawa wa ardhi. Tofali la inchi 6 likilazwa lina kimo cha sentimita 15, na pamoja na udongo wa saruji wa kuunganishia kozi moja inakupa kama 17. Kwa hiyo kozi nne zinaishia chini kabisa, hazionekani. Kama wa kwanza anahesabu za juu ya ardhi, anakupa sentimita 68. Kama wa pili anahesabu kutoka kwenye zege, saba zake ni tatu tu za juu, yaani sentimita 51. Huenda yule unayemwona mbahili ndiye anayekujengea msingi mrefu zaidi.

Acha kuhesabu kozi, hesabu usawa wa sakafu. Piga kigingi imara mbele ya kiwanja na weka alama ya ardhi ya pale kuwa sifuri. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, wenye urefu wa mita 20 au zaidi, ujaze maji taratibu hadi mapovu yote yatoke. Povu moja likibaki katikati ya mpira usawa unadanganya kwa sentimita kadhaa, na hilo ndilo kosa la kawaida la kipimo hiki. Kwa mpira huo pima vitu vitatu: ardhi ya nyuma, alama ya juu kabisa ambayo maji ya masika yamewahi kufika (kwenye kuta na miti ya jirani huacha mstari wa tope), na katikati ya barabara.

Kwa maelezo yako, nyuma ni sentimita 30 chini ya sifuri. Maji yanayofika juu kidogo ya kifundo tuyape sentimita 20, kwa hiyo uso wake uko 10 chini ya sifuri. Ukiongeza sentimita 30 za usalama, sakafu inatakiwa iwe angalau 20 juu ya sifuri. Hapo maji hayakutishi sana. Kinachoamua ni barabara. Iko 15 juu, na barabara za mitaa haziteremki: kila greda likipita na kifusi kikimwagwa hupanda, na siku ikiwekwa lami hupanda tena. Ipe sentimita 30 za kukua, inafika 45. Sakafu iwe 15 juu ya hapo ili maji ya barabarani yasiingie sebuleni. Jibu ni 60 juu ya sifuri.

Sasa rudi kwenye kozi. Mkanda wa chini, yaani boriti la zege lenye nondo linalokaa juu ya kozi za msingi, una kimo cha sentimita 20, na jamvi, zege la sakafu, ni 10. Hizo tayari ni 30. Kozi mbili za kulaza zinaongeza 34, jumla 64, na ukishaweka udongo wa saruji wa kusawazishia na vigae unafika kama 68. Kwa hiyo upande wa mbele unahitaji kozi nne chini na mbili juu, halafu mkanda na jamvi. Kozi sita kutoka kwenye zege. Upande wa nyuma zitakuwa nane kwa sababu ya mteremko, na hilo nitalirudia.

Usiongeze kozi kwa kuogopa tu. Kwa nyumba yako, kuta zote za nje na za ndani pamoja zinakaribia mita 80, na kila kozi inakula tofali 170. Hizo ni rahisi kuziona kwenye hesabu ya fundi. Kisichoonekana ni kifusi. Ndani ya kuta kuna eneo la mita za mraba kama 100, kwa hiyo kozi moja zaidi ni mita za ujazo 17 za kifusi kilichoshindiliwa, sawa na 21 au 22 kikiwa hakijashindiliwa, yaani lori tatu za mita 7. Halafu kuna ngazi. Sakafu ya sentimita 68 inakutaka ngazi nne za sentimita 17. Ukitaka njia ya kiti cha magurudumu au ya mzee asiyeweza kupanda, kwa kila sentimita moja ya kupanda zinahitajika 12 za urefu, na hapo ni zaidi ya mita 8. Kiwanja kidogo hakina nafasi hiyo.

Faida moja ya kupandisha ambayo wengi huisahau iko chooni. Bomba la inchi 4 la maji taka linataka mteremko wa sentimita moja kwa kila 40. Kama karo liko mita 15 kutoka chooni, bomba linashuka karibu sentimita 38 njiani. Msingi ukiwa mfupi, bomba linaingia karoni likiwa chini sana, karo linachimbwa kwa kina zaidi, na huko kwenu maji ya ardhini hayako mbali. Karo linalojaa maji ya ardhini halinyonyi kitu.

Tuje kwenye rangi inayobanduka, maana hapo ndipo jirani zako walipopotea. Tofali na zege vina vitundu vidogo ambavyo hunyonya maji kutoka kwenye udongo na kuyapandisha ukutani kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Maji yanaweza kupanda hadi karibu mita moja. Yakifika mahali ukuta unapopata hewa yanakauka, lakini chumvi iliyokuwa ndani yake haikauki. Inabaki nyuma ya rangi, inaganda na kutanuka, inasukuma rangi kwanza, kisha lipu. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa namna hiyo kinatoka na unga mweupe, na ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia lipu inalia tupu. Kigamboni chumvi inatoka ardhini, na wakati mwingine fundi anaileta mwenyewe kwenye mchanga wa karibu na bahari.

Msingi mrefu hauzuii hilo kwa sababu ndani umejazwa kifusi. Kifusi chenyewe kina unyevu, kimeugusa ukuta kwa kimo chote. Ukiongeza kozi tatu umeongeza pia sentimita 50 za kifusi chenye unyevu, na maji yanaanzia safari yake pale juu. Kinachozuia ni kizuizi kisichopitisha maji, ambacho hakikatiki kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine.

Nailoni watu wengi huiweka. Tatizo ni mahali inapoishia. Fundi anatandika nailoni juu ya kifusi, anaikata kwenye uso wa ndani wa ukuta wa msingi, anamwaga jamvi, kisha anapandisha ukuta wa nyumba moja kwa moja juu ya msingi. Sakafu imekingwa, ukuta haukukingwa. Maji yanapita kwenye ule upana wa tofali, sentimita 23, na kupanda kama kawaida. Ndiyo maana sakafu ya jirani inaweza kuwa kavu huku ukuta unamenyeka.

Njia nyepesi kwa nyumba yako ni kufanya jamvi lifunike mkanda. Kifusi kinajazwa hadi usawa wa juu wa mkanda. Nailoni ya geji 1000, si ile nyembamba ya kufunikia mahindi, inatandikwa juu ya kifusi, inapita juu ya mkanda na kutokeza nje kwa sentimita 5 hivi. Vipande viwili vikikutana vilaliane sentimita 30 na kubandikwa kwa gundi ya utepe. Ndipo jamvi linamwagwa juu yake lote, hadi kwenye kingo za nje. Kozi ya kwanza ya ukuta unaiweka juu ya karatasi ya lami, ile ambayo dukani huiita DPC, iliyotandikwa juu ya jamvi kwa upana wote wa ukuta na kulaliana sentimita 10 au zaidi kwenye maungio na pembeni. Karatasi hiyo inakinga ukuta dhidi ya maji ya mvua yanayorukia ukingo wa jamvi. Kwa nyumba ya mita 12 kwa 10, ukihesabu maungio na kingo, nunua nailoni mita za mraba 145.

Kizuizi hicho kikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Hicho ndicho kipimo ambacho watu hukivunja wenyewe miaka mitatu baada ya kuhamia. Wanaleta pevingi, wanajaza mchanga chini yake, ardhi ya nje inapanda hadi inazidi kizuizi, na ukuta unaanza kunywa maji kwa juu. Bustani iliyolundikwa udongo ukutani hufanya vilevile. Lipu ya nje nayo ikishushwa bila kukatika kutoka ukutani hadi ardhini, inakuwa daraja: maji yanapanda ndani ya lipu na kuipita karatasi ya lami. Lipu ya ukuta ikomee kwenye mstari wa karatasi, pawe na mfereji mwembamba, halafu lipu ya msingi ianze chini yake.

Kubandika vigae au mawe ya urembo chini ya ukuta ili kuficha unyevu ni kupoteza fedha. Maji yakikosa pa kutokea chini yanapanda na kutokea juu ya vigae. Rangi ya mafuta ni hivyohivyo. Nyumba za zamani za Unguja na Lamu hazikuwa na karatasi ya lami wala nailoni, lakini kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene nusu mita na zaidi, zimeungwa na kupakwa chokaa inayoachia unyevu ukauke, na baraza la nje lilikinga tako la ukuta dhidi ya mvua. Wengi waliokuja kuzipaka lipu ya saruji waliufungia unyevu ndani. Ukijenga kwa tofali za saruji huna chokaa hiyo, kwa hiyo usitegemee ukuta ujikaushe wenyewe. Baraza, ukilipenda, lijenge, lakini lisizidi usawa wa kizuizi mahali linapogusana na ukuta.

Sakafu zilizopasuka ni habari nyingine, na chanzo chake mara nyingi ni kifusi kilichomwagwa siku moja na kukanyagwakanyagwa. Kifusi cha sentimita 60 kikishuka kwa asilimia 5 tu, kinaacha mwanya wa sentimita 3 chini ya jamvi. Jamvi linabaki limening'inia juu ya hewa, limeshikiliwa na kuta pembeni, na siku ukiweka kabati au friji linapasuka katikati. Ufa unaokwenda sambamba na ukuta, sentimita 20 au 30 kutoka ukutani, kwa kawaida unaeleza hivyo. Gonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Penye tupu panaitika.

Kabla ya kujaza, ondoa udongo wa juu wenye mizizi na majani, kama sentimita 15, kwenye eneo lote la ndani. Mizizi ikioza inaacha nafasi, na inawakaribisha mchwa. Jaza kwa moramu au mchanga wenye changarawe. Udongo wa mfinyanzi mweusi usiuingize, hata kama fundi anasema umetoka bure kwenye mtaro, kwa sababu ukilowa unavimba na ukikauka unanywea, na jamvi linacheza nao. Jaza kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kiasi cha kushikamana ukilifinya mkononi bila kutoa tope, kisha lishindiliwe kwa kompakta ya kukodi. Pembeni mwa kuta, ambapo mashine haifiki vizuri, tumia kishindilio cha mkono. Huko ndiko kunakoshuka zaidi kuliko kwingine kote. Ile tabia ya kujaza kifusi chote halafu kukifurikisha maji kwa siku mbili inafanya kazi kwa mchanga safi tu. Kwa moramu yenye udongo unatengeneza tope ambalo litakauka na kupasuka. Kipimo rahisi cha saitini: nondo ya mm 10 ikisukumwa kwa mkono isizame zaidi ya sentimita chache.

Kwa mteremko wako, kimo cha wastani cha kujaza, pamoja na zile 15 ulizoziondoa, ni kama sentimita 84. Kwenye mita za mraba 100 hizo ni mita za ujazo 84 zilizoshindiliwa, kwa hiyo agiza karibu 105, yaani lori 15 za mita 7. Tabaka la juu la sentimita 15 likiwa la mawe au kokoto zisizo na vumbi ni bora, kwa sababu nafasi kubwa kati ya kokoto hazipandishi maji. Juu yake weka mchanga sentimita 5 ili kokoto zisitoboe nailoni. Hata mguu wa mfanyakazi juu ya kokoto yenye ncha unaitoboa. Dawa ya mchwa hupuliziwa kabla ya mchanga na nailoni, kama lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, na kwa wingi zaidi kwenye kona ya kifusi na ukuta. Kiasi cha dawa ndani ya maji fuata karatasi ya kopo. Usiipulize mvua ikiwa mbioni kunyesha.

Mkanda. Watu huuacha wakisema nyumba si ghorofa. Kazi yake kwenye nyumba ya chini ni kuifunga misingi yote pamoja ili sehemu moja ikishuka kidogo isiupasue ukuta peke yake, na Kigamboni, penye mchanga upande huu na udongo laini upande ule ndani ya kiwanja kimoja, hilo linatokea. Upana wake ni sawa na ukuta, sentimita 23, kimo 20. Nondo nne za mm 12, mbili juu na mbili chini, ringi za mm 8 za kuzizungusha nondo hizo kila baada ya sentimita 20. Kwa mita 80 hizo ni nondo 30 za mm 12 zenye mita 12 kila moja, na nondo 22 za mm 8 za kukatia ringi 400. Nondo zikiunganishwa zilaliane sentimita 60, na maungio yasikutane yote mahali pamoja.

Kwenye kona angalia mwenyewe. Fundi mvivu anazikatisha nondo za pande mbili pale zinapokutana, zinalaliana kidogo tu, zimefungwa waya. Kona ya namna hiyo inafunguka kama hazikuwepo. Kila nondo ipinde kona na kuendelea sentimita 60 upande wa pili, au zifungwe vipande vilivyopindwa vya urefu huo. Chini na pembeni ya nondo weka biskuti za zege za sentimita 4, kwa sababu nondo inayogusa mbao au tofali inapata kutu, na kwa hewa ya bahari kutu haichelewi. Ikianza inatanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Zege liwe la moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga na kokoto, na maji yapimwe kwa ndoo ile ile kila mara. Mita za ujazo ni karibu 3.7, saruji mifuko 24. Mwagia maji siku 7.

Kabla ya mkanda kumwagwa, mabomba yote yawe yamepangwa. Mahali bomba la choo la inchi 4 linapopita kwenye ukuta wa msingi, acha kipande cha bomba la inchi 6 ndani ya tofali ili bomba la choo lipite humo kwa nafasi. Msingi ukishuka kidogo hautalikata. Mkanda ukitobolewa baadaye kwa tindo kwa ajili ya bomba, nondo moja au mbili zitakatwa, na hapo umelipia mkanda ambao haufungi tena.

Mteremko wa nyuma. Zege la mtaro lisifuate mteremko wa ardhi. Liwe sawa, lishuke kwa ngazi. Tofauti yako ya sentimita 30 inagawanyika vizuri kwenye ngazi mbili za kimo cha kozi moja kila moja, sentimita 17, ili tofali zikae bila kukatwakatwa. Ngazi isizidi unene wa zege, na zege la juu lilale juu ya lile la chini kwa sentimita 40. Hesabu ya kozi inakuwa sita mbele na nane nyuma, wastani saba, na tofali za kulaza zinafika 1,190. Agiza 1,250. Saruji ya kujengea kozi hizo, kwa mchanganyiko wa moja kwa nne, ni kama mifuko 30.

Ukuta wa nyuma utashikilia kifusi cha sentimita 85 hivi juu ya ardhi ya nje. Ukuta wa sentimita 23 usio na nondo unaweza hilo, lakini umekaribia mwisho wake. Ukizidi mita moja unataka nguzo za zege ndani yake au ukuta mzito zaidi. Hata kwa kimo chako usijaze kifusi kabla tofali hazijakaa siku 7, na sehemu ya mtaroni ijazwe pande zote mbili kwa pamoja. Kompakta nzito isikaribie ukuta mpya. Kuta nyingi zilizotoka tumbo zilisukumwa wiki ya kwanza, si baada ya miaka.

Tofali zenyewe ni mahali pengine pa kuibiwa. Tofali moja la inchi 6 lina mita za ujazo 0.0155. Mfuko mmoja wa saruji ukitoa tofali 40, maana yake saruji moja imechanganywa na mchanga zaidi ya sehemu 20. Tofali hilo linaweza kubeba ukuta wa uzio, lakini chini ya ardhi yenye maji na chumvi linalainika. Kwa msingi taka tofali 20 kwa mfuko, unaokaribia mchanganyiko wa moja kwa kumi na moja, na usikubali zaidi ya 25. Kama unanunua kiwandani, chukua moja, liloweke usiku kucha, asubuhi likwaruze kwa msumari. Likichimbika na kutoa mchanga kwa urahisi, usilipeleke mtaroni. Bora ufyatulie saitini, ukiwa na mchanga wa mto au wa machimbo, umwagie maji kwa siku 7 hadi 14, na kuanza kujengea baada ya wiki nne.

Saruji nyingine ya kazi hii: zege la mtaro, upana sentimita 60 na unene 20, ni mita za ujazo 9.6 na mifuko 62 kama utatumia mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne. Jamvi la sentimita 10 linalofunika hadi kingo za nje ni mita za ujazo 12, mifuko 78. Wavu wa chuma wa BRC A142 ukiuweka kwenye jamvi, uinuliwe kwa biskuti ukae nusu ya juu ya unene, kwa sababu kazi yake ni kubana nyufa za juu. Wavu uliolala juu ya nailoni haubani chochote, na kule kuuvuta juu kwa kulabu wakati zege linamwagwa ni maigizo tu.

Nje, baada ya kupaua, zungushia nyumba zege jembamba la upana wa sentimita 75 lenye mteremko wa sentimita 3 kuelekea nje, lipelekwe kwenye mtaro unaotoa maji nyuma ya kiwanja. Kenchi zitokeze angalau sentimita 60 au weka gata, la sivyo maji ya paa yatachimba mfereji kwenye tako la msingi na kurusha tope ukutani kila mvua.

Ukipatana na fundi, usimlipe msingi kwa mkupuo mmoja. Gawanya malipo matatu: kozi zikifika usawa wa mkanda na pembe zikiwa zimepimwa (kwa 12 kwa 10, kona hadi kona ni mita 15.62 pande zote mbili), mkanda ukiwa umefungwa nondo kabla zege halijamwagwa, na nailoni ikiwa imetandikwa huku mabomba yote yakionekana. Jamvi likishamwagwa huwezi kukagua chochote kati ya hivyo.